UZI: Bahari haijisafishi, inakula. Na mlo wenyewe uko ndani ya maji usiyoyaona

Mwalimu wa Shangani

Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, kuna kauli imezoeleka: "bahari inajisafisha yenyewe." Utaisikia feri, utaisikia kwenye vikao vya mtaa, utaisikia kwa mtu anayemwaga matumbo ya samaki pembeni mwa maji. Mimi nafundisha kemia na baiolojia, na kauli hii inanikera kwa sababu inafunga mazungumzo pale yalipotakiwa kuanza. Ndani ya maji kuna viumbe wanaokula tunachotupa. Mlo huo unatumia oksijeni, unatoa hewa ukaa, na unaacha mabaki ambayo mengine hayajaliwa hata baada ya miaka elfu nne. Naomba niueleze, maana sisi watu wa pwani ndio unaotuhusu kwanza.

Chota ndoo ya lita 20 pale Shangani, Mtwara, maji yakiwa yamejaa na yametulia. Yapitishe kwenye chujio lenye vitundu vidogo kuliko maikromita 1. Juu ya chujio vitabaki vimwani vya kuonekana kwa hadubini, mayai ya viumbe, vipande vya nyasi bahari. Hicho ndicho tulichozoea kukiita uhai wa bahari. Lakini maji yaliyopita chini, yale unayodhani ni maji na chumvi tu, yamebeba sukari, asidi amino, vipande vya protini, mafuta, na maelfu ya molekuli nyingine za kaboni ambazo nyingi hazijapewa hata jina. Katika bahari ya wazi kaboni hiyo iliyoyeyuka haifiki miligramu 1 kwa lita kwenye maji ya juu, na kilindini ni karibu nusu miligramu.

Ni kidogo mno, mpaka uizidishe kwa bahari yote ya dunia. Inakuja takriban tani bilioni 660 za kaboni. Hewa ukaa yote iliyoko angani ina kaboni karibu tani bilioni 900, kwa hiyo mizigo hii miwili inakaribiana. Na ukikusanya kila kiumbe hai wa baharini, kuanzia nyangumi hadi bakteria, kaboni iliyoyeyuka inawazidi zaidi ya mara 100.

Inatoka wapi? Chanzo kikuu ni vile vimwani. Kwa usanisinuru vinatengeneza karibu tani bilioni 50 za kaboni kwa mwaka, karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru duniani, misitu na mashamba yakiwa ndiyo nusu nyingine. Vikiwa hai vinavuja sukari. Vikiliwa, mlaji anavipasua na sehemu ya ute inamwagika. Vikishambuliwa na virusi vinapasuka na kila kilichokuwamo kinaingia majini. Matumbawe yanatoa ute mchana kutwa. Mwani wetu wa kulima, ule unaofungwa kwenye kamba na vigingi, nao unavuja. Na kuna mikoko, nitaifikia.

Sasa mlaji. Hakuna samaki anayeweza kuchuja sukari iliyoyeyuka kwa kiasi hicho kidogo. Anayeweza ni bakteria. Mililita 1 ya maji ya bahari, matone ishirini tu, ina bakteria kama milioni 1 na virusi kama milioni 10. Kwa miaka mingi wanasayansi waliwadharau kwa sababu walikuwa wanawahesabu kwa kuwaotesha maabara, na wengi wao hawakubali kuota huko. Mwaka 1974 Lawrence Pomeroy wa Marekani aliandika kwamba picha ya "mwani, kisha kidudu, kisha samaki" imeacha nje walaji wakubwa kuliko wote. Mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake wakaupa jina mzunguko huu wa vijidudu: kaboni inavuja kutoka kwa viumbe, bakteria wanaimeza, vidudu vya seli moja vinawameza bakteria, navyo vinaliwa na wakubwa zaidi, na kila hatua kuna kinachomwagika kurudi majini.

Bakteria hana mdomo. Molekuli kubwa haimwingii, kwa hiyo anatoa vimeng'enya nje ya mwili wake vikate protini au wanga vipande vidogo, ndipo avivute. Yaani tumbo lake liko nje, na jirani anaweza kumwibia chakula alichokikata. Virusi nao wanaua takriban asilimia 20 ya bakteria hao kila siku. Bakteria akipasuka, mwili wake unarudi kuwa mlo wa ndugu zake kabla ya kumfikia samaki yeyote.

Mtu atauliza, basi mzunguko huo unamfaidia nini mvuvi? Samaki moja kwa moja ni wachache sana, maana kila hatua inapumua sehemu kubwa ya kaboni. Faida kubwa ni mbolea. Bakteria na walaji wao wakivunja protini wanaachia naitrojeni na fosforasi, na vimwani vinaanza upya. Kwetu jambo hili ni zito. Mkondo unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki unagonga bara karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo mwa mdomo wa Ruvuma, halafu unagawanyika: mkono mmoja unapanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi na Kilwa, mwingine unashuka Msumbiji. Maji hayo yana joto na yamechoka, virutubisho vimeshatumika njiani. Ule ubuluu wa Msimbati ambao wageni wanaupiga picha ni dalili ya uhaba. Bahari ya namna hiyo inaishi kwa kutumia tena kile kile ilichonacho.

Kwenye matumbawe kuna mlaji mwingine ambaye wengi hatumwoni kama mnyama: sponji. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi Curaçao, kisiwa cha Karibi, walionyesha kwamba sponji wanavuta kaboni iliyoyeyuka, wanaijenga kuwa seli, kisha wanazibwaga seli hizo nyingi kila siku zikiwa vipande vinavyolika. Minyoo na kaa wanavila, nao wanaliwa. Darwin alishangaa kuona matumbawe yaliyojaa uhai katikati ya maji maskini, na sponji ni sehemu ya jibu lake. Kwa hiyo baruti inapopigwa kwenye mwamba tusihesabu samaki waliokufa tu. Pamoja nao amekufa aliyekuwa anageuza maji kuwa chakula.

Mikoko sasa. Kaa chini ya mkoko wakati wa kupwa, mdomo wa Ruvuma au kando ya Lukuledi pale Lindi. Jani la njano linadondoka kwenye tope. Kaa anatoka, analishika kwa gando, analikokota mpaka shimoni. Lile asilolipata linachukuliwa na maji yakijaa. Mimi huwa naleta darasani jani moja kama hilo ndani ya chupa nyeupe ya maji ya bahari. Kesho yake maji yameanza kugeuka, na baada ya siku chache ni hudhurungi kabisa, wakati jani lenyewe bado zima, halijatoboka popote. Wanafunzi wanashangaa: jani halijaoza, rangi imetoka wapi? Ni tanini na sukari zilizokuwa ndani yake, zinatoka zenyewe kabla ya kuoza. Tanini hizo hizo ndizo wazee walizokuwa wanatumia, kwenye gome la mkandaa, kutia rangi na kuimarisha nyavu.

Mikoko yote ya dunia haifiki sehemu moja kati ya elfu ya eneo la nchi kavu. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba inatoa zaidi ya asilimia 10 ya kaboni yote iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini. Ni msitu mdogo wenye mkono mrefu. Ndiyo maana nafurahi kwamba Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilichukua mwamba na mikoko pamoja. Ukilinda kimoja na kukata kingine umekata mfereji wa chakula.

Nimeandika mengi. Maswali karibu.

Mvuvi wa Msimbati

Mwalimu shikamoo. Somo nimelisoma lote. Mimi nataka kujua mambo mawili. Kusi likivuma kuna povu linajaa ufukweni, la rangi ya maziwa yaliyochafuka, watoto wanalichezea. Kuna wanaosema ni sabuni za melini. Pili, alfajiri kabla ya upepo unaona njia laini juu ya maji, kama pamepakwa mafuta, na pembeni mwake maji yana vimawimbi. Sisi tunazifuata njia zile, dagaa hukaa humo. Ni mafuta ya nini?

Mwalimu wa Shangani

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza vitu viwili ambavyo ni kitu kimoja.

Baadhi ya molekuli hizi zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo zinapanda juu na kutandaa. Protini na ute wa vimwani ndio hivyo. Bahari ikitulia zinatengeneza utando mwembamba unaovizuia vimawimbi vidogo visiinuke, ndiyo ile njia laini. Mikondo midogo inapokutana inazikusanya kwenye mistari, na inakusanya pia vidudu vinavyoelea, ndipo dagaa wanapofuata. Mnachokifanya alfajiri kina sababu kamili.

Kusi likichafuka, mawimbi yanaingiza hewa kwenye maji yale yale, ute unavifunga viputo visipasuke, unapata povu. Lishike mkononi ulisugue kwa vidole: linaacha utelezi na chembe za mchanga na vipande vya mwani. Kwa kawaida ni la bahari yenyewe, si la meli. Ila povu likija na maji yaliyobadilika rangi, au samaki wanaelea, au macho yanawasha, watoto wasichezee, maana kuna vimwani vyenye sumu.

Binti Lukuledi

Kaka Mwalimu, nakubali mengi ila pale kwenye "miaka elfu nne" umepita haraka mno. Molekuli haina cheti cha kuzaliwa. Nani alipima? Na kama bakteria ni milioni kwa kila mililita na wana njaa, wanaachaje chakula miaka elfu nne?

Mwalimu wa Shangani

Dada, hilo ndilo swali lenyewe.

Umri unapimwa kwa kaboni-14, njia ile ile ya wanaakiolojia. Kaboni hiyo inapungua nusu kila miaka 5,730. Unachukua maji ya kilindi, unatoa hewa ukaa iliyokuwamo, unaunguza kaboni ogania iliyobaki, unaipima. Mwaka 1987 Peter Williams na Ellen Druffel walionyesha kwamba ile ya kilindi cha Pasifiki ina wastani wa miaka kama 6,000. Atlantiki ni kama 4,000. Maji ya kilindi yenyewe yanazunguka dunia kwa muda wa miaka kama elfu moja, maana yake molekuli hizi zimezunguka zaidi ya mara moja bila kuliwa. Ibn Battuta aliposhuka Kilwa mwaka 1331, nyingi kati ya hizi zilikuwa tayari na maelfu ya miaka majini. Ni wastani, lakini: ndani ya wastani huo kuna sukari iliyovuja asubuhi na kuliwa kabla ya jioni, kuna vitu vinavyokaa miezi, na kuna hivi vizee.

Upimaji haukuwa rahisi. Mwaka 1988 Sugimura na Suzuki wa Japani walitangaza kwamba kwa mashine yao mpya ya kuunguza kwa joto kali wamekuta kaboni nyingi zaidi kuliko ile iliyojulikana. Maabara nyingi zikakimbilia njia hiyo, matokeo hayakulingana. Mwaka 1993 Suzuki mwenyewe aliyaondoa matokeo yale hadharani. Vurugu ile ilileta nidhamu: leo maabara zinapima pia maji ya rejea yaliyoandaliwa pamoja, ili kila moja ijue mashine yake inasema kweli.

Kwa nini molekuli hizi haziliwi, hapo wataalamu wamegawanyika. Kundi moja linasema molekuli zenyewe ni ngumu: zimeshakatwakatwa, zimebaki pete za kaboni ambazo kimeng'enya hakina pa kushika. Mwaka 2010 Nianzhi Jiao wa China na wenzake walieleza kwamba bakteria wenyewe ndio wanaozitengeneza, kwa kula kilicho laini na kuacha kigumu. Kundi la pili linasema kila aina ya molekuli iko kidogo mno. Chukua gunia la mchele, litawanye punje mojamoja kutoka Mtwara hadi Masasi: chakula kipo, lakini nguvu ya kukiokota inazidi shibe. Mwaka 2015 Jesús Arrieta na wenzake walichukua kaboni ya kilindi, wakaikusanya iwe nzito zaidi, na bakteria wa kilindi wakaongezeka. Mimi naona pande zote mbili zina kweli, ila ugumu wa molekuli nauona una uzito zaidi, kwa sababu hata ilipokusanywa haikuliwa yote.

Jua nalo lina sehemu yake. Maji ya kilindi yakipanda juu, miale inavunja baadhi ya vizee hivi kuwa vipande vidogo, ndipo bakteria wanavimudu. Rangi ya hudhurungi ya mikoko inafifia kwa namna hiyo hiyo ikifika baharini.

Mkulima wa Korosho, Newala

Mimi sina bahari, nina mikorosho. Ila nikishuka Mtwara kuuza, ile harufu ya bahari naipata kabla sijayaona maji. Nayo ni mambo haya haya?

Mwalimu wa Shangani

Ni haya haya, na utafurahi: ndani yake mna salfa. Vimwani vingi vinatengeneza msombo wenye salfa unaosaidia seli kuhimili chumvi. Vikiliwa au kupasuka, bakteria wanauvunja na kutoa gesi iitwayo dimethili salfaidi, ambayo ni sehemu kubwa ya harufu unayoisikia. Hiyo ndiyo njia kuu ambayo viumbe wanarudisha salfa angani kutoka baharini. Angani inageuka chembe ndogo ambazo mvuke wa mawingu unaweza kuzishikilia.

Kijana wa Mnazi Bay

Na gesi yetu je?

Mwalimu wa Shangani

Asili yake ni mabaki ya viumbe. Karibu kila kinachotengenezwa baharini kinaliwa na kupumuliwa, chini ya asilimia 1 ndicho kinachozikwa kwenye tope la chini. Kikifunikwa kwa mamilioni ya miaka, kwa joto na mgandamizo, kinatoa mafuta na gesi. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982. Lakini naomba tusiuhamishie uzi huku, gesi ina nyuzi zake.

Mzee wa Mikindani

Mwalimu, umesema vizuri ila umejipinga. Kama bakteria wanakula matumbo ya samaki, basi bahari inajisafisha. Sisi tumezaliwa hapa, babu zetu walitupa hapa hapa, na samaki hawakuisha. Tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Shangani

Shikamoo mzee wangu. Nitajibu kwa hesabu, maana ndiyo inayonitia wasiwasi.

Maji ya bahari yetu, kwa joto la nyuzi 28 hivi, yanashika oksijeni zaidi kidogo ya miligramu 6 kwa lita. Hayawezi kushika zaidi ya hapo kwa kawaida, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika kidogo zaidi. Bakteria akipumua miligramu 1 ya kaboni anatumia karibu miligramu 2.7 za oksijeni. Gawanya. Miligramu 2 na nusu tu za kaboni inayolika katika kila lita zinatosha kumaliza oksijeni yote, kama maji hayabadilishwi na upepo hauingizi nyingine. Bahari ya wazi ina chini ya miligramu 1, na sehemu kubwa ya hiyo ni ile isiyolika. Matumbo ya samaki, maji ya choo na damu ya machinjioni vinalika karibu vyote, tena haraka.

Kwa babu zetu, watu walikuwa wachache na kilichotupwa kilikuwa kidogo kuliko hewa iliyokuwamo. Mikindani ni ghuba lenye mlango mwembamba. Wakati wa bamvua maji yanaingia na kutoka kwa wingi. Wakati wa maji mafu yanakaa, na kama hakuna upepo usiku, mimea nayo inapumua bila kutengeneza oksijeni. Alfajiri ya siku kama hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Samaki mwenye nguvu anahama. Chaza na kombe hawawezi kuhama.

Kuna jambo la pili. Babu zetu hawakutupa plastiki. Bakteria hawana vimeng'enya vya kuila kwa kasi yoyote ya kutufaa, kwa hiyo hata kwa maana ile ya kula, mfuko na chupa haviko kwenye menyu.

Ninachoomba ni kidogo: matumbo na magamba yafukiwe au yawe chakula cha kuku, yasimwagwe ndani ya ghuba, hasa wiki ya maji mafu. Na mikoko inayokatwa kwa ajili ya tanuri za chokaa iachwe.

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Hesabu nimeiona. Hilo la maji mafu nalikubali, chaza wa upande wa ndani si wale wa zamani. Nitalipeleka kwa wenzangu.

Kidato cha Tano, Lindi

Mwalimu, sisi tunafanya mradi wa sayansi. Tunaweza kupima mambo haya bila mashine kubwa?

Mwalimu wa Shangani

Mnaweza. Kaboni yenyewe inataka mashine, lakini ulaji wake mnaupima kwa oksijeni, kwa njia ya Winkler ya mwaka 1888. Mnahitaji salfeti ya manganizi, iodidi ya potasiamu yenye alkali, asidi ya salfuriki, wanga, na thayosalfeti ya sodiamu kwa ajili ya titresheni. Maabara nyingi za kidato cha tano zinavyo.

Chukueni chupa za kioo zenye kizibo cha kioo. Chota maji sehemu mbili kwa siku moja: ufukwe wa wazi maji yakiwa yamejaa, na karibu na panaposafishiwa samaki. Chupa izamishwe taratibu ijae mpaka juu, kisibaki kiputo hata kimoja, maana kiputo kitaharibu kila kitu. Nusu ya chupa mpime siku hiyo hiyo. Nusu mzifunge kwa karatasi ya aluminiamu zisipate mwanga, mziweke mahali pamoja penye joto lisilobadilika siku tano, halafu mpime. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Kama maji ya penye samaki yakionyesha sifuri, yazimueni kwa maji ya ufukwe wa wazi, moja kwa kumi, na mrudie, kwa sababu sifuri haiwaambii yamezidi kiasi gani.

Vaeni miwani na glovu wakati wa asidi, na mwalimu wenu awepo. Andikeni tarehe na kama ilikuwa bamvua au maji mafu. Mkipata namba, ziwekeni humu hata kama hazikufuata mlichotarajia.